Majani Mlangoni pa Chepkemei

Chepkemei alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe uliitwa Ndabibi. Ukimpa chai, atakuambia chai ya Ndabibi ilikuwa na maziwa ya kweli. Ukimsifia binti yake Jerop, atakuambia huyo alizaliwa Ndabibi, hapa Nakuru watoto hawatoki hivyo. Mwezi wa Desemba ulipoingia ndipo ugonjwa ulipopanda kichwani kabisa, na mumewe Kiplangat, mshika breki wa treni za mizigo, alikuwa akimshukuru Mungu kila alipopangiwa safari ndefu.

"Wakati kama huu kule Ndabibi," Chepkemei alisema jioni moja, mwaka wa hamsini na saba, "ningekuwa nimeshamaliza ukuta. Udongo mweupe wa kule korongoni juu, mwekundu chini, halafu katikati nachora ile mistari yangu."

"Naikumbuka," alisema Kiplangat, akivua viatu.

"Na picha je? Memsahib wa shambani ananipa magazeti ya zamani, nabandika kwa uji wa ngano nyumba nzima. Unakumbuka ile ya mzungu amepanda farasi?"

"Uliibandika juu chini."

"Haikuwa juu chini."

"Miguu ya farasi ilikuwa inaangalia dari, Mama Jerop. Miaka mitatu. Wageni walikuwa wanapinda shingo ndiyo wamsalimie yule mzee."

Chepkemei aliyaruka maneno hayo kama mtu anayeruka mtaro, akatua kwa wageni. Wageni walikuwa sitini. Walishuka kutoka Mau Narok na vibuyu vya mursik, yale maziwa ya mgando, walitoka mashamba ya jirani na watoto mgongoni, wakakaa ndani, nje, mpaka kwenye zizi la ndama, na hakuna aliyeondoka na njaa.

"Mwaka jana ulisema arobaini," Kiplangat alimkumbusha.

"Nilisahau wa Mau Narok."

"Ndabibi yote haikuwa na watu sitini, hata ukihesabu ng'ombe."

Ukweli ni kwamba walikuwa kama thelathini, na nyumba ilikuwa ya udongo, ya mkamua maziwa katika shamba la mzungu. Lakini mimi sina ugomvi na mtu anayekumbuka furaha yake, na ahesabu apendavyo. Jambo moja hakulitia chumvi: kule hakuna aliyealikwa. Siku ya kuamkia Krismasi Chepkemei alifunga matawi mabichi na kamba za sinendet, mmea utambaao wa sherehe, kuzunguka mlango wote, na mtu yeyote aliyeyaona alijua kwamba sufuria iko jikoni na aingie. Baadaye ikaja mashine ya kukamulia maziwa, wakamuaji wakaambiwa asante, na Kiplangat akapata kazi ya reli na chumba kimoja katika landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango unaotazama mlango wa mwingine.

Krismasi ya kwanza Nakuru alifunga kamba moja ya sinendet mlangoni, akakaanga mandazi beseni zima, akavaa kitambaa chake cha buluu na kukaa. Watu walipita. Waliinamisha kichwa, wakamwambia "habari" kwa sauti ya chini, wakaenda zao. Hakuingia hata mmoja. Siku ya tatu mandazi yalikuwa magumu kiasi kwamba Jerop aliyatumia kama viti vya mdoli wake, na mama yake alimwona akicheza hivyo akageuza uso.

"Mwaka huu," alisema jioni ile, na sasa hakuwa akitania, "nitaweka majani mpaka kipofu aone. Wasipokuja, tarehe ishirini na saba mimi na Jerop tunarudi. Mama yako ametuma neno kwamba nyumba yetu bado iko wazi. Wewe utakuwa unakuja mwisho wa mwezi."

Kiplangat aliweka kiatu chini. Alimjua mkewe: kwa mambo madogo angepiga kelele kutwa, lakini akisema jambo kwa sauti hiyo ya chini, limekwisha.

"Basi waalike," alisema. "Nenda mlango kwa mlango. Anza kwa Mama Nyongesa hapo jirani."

"Niombe watu waje kwangu? Kama mtu aliyeishiwa chumvi?"

"Watu hapa hawajui mambo ya majani."

"Mtu gani hajui majani?" aliuliza Chepkemei.

Tarehe ishirini na mbili Kiplangat alipangiwa treni ya Kisumu, kurudi asubuhi ya tarehe ishirini na nne. Aliondoka akiwa na moyo mzito.

*

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne treni haikufika. Chepkemei hakujali sana, treni za mizigo ndiyo kawaida yao. Alimfunga Jerop mkanda wa gauni vizuri, akamwambia asitoke nje ya mstari wao wa vyumba, akapanda Milimani, ambako wazungu walikuwa wanapunguziwa nyua zao kwa ajili ya sikukuu.

Huko alimkuta mtunza bustani mmoja aitwaye Micah, mtu wa Magharibi ya Kenya, amesimama kwenye ngazi na makasi makubwa, chini yake lundo la matawi ya mwerezi.

"Naomba haya, mzee," alisema Chepkemei.

"Ya kuwasha moto? Bado mabichi hayo, mama."

"Ya kuweka mlangoni."

Micah alishuka ngazi polepole. Akavua kofia. "Yote?"

"Yote, kama utanipa. Nataka mlango wote ujae."

"Pole sana, mama," alisema Micah, akamfungia mzigo yeye mwenyewe, akamtwika kwa uangalifu, akasimama bila kofia mpaka alipopinda kona. Chepkemei aliona watu wa Milimani wana adabu sana wakati wa Krismasi, na njia nzima alitembea akiwa na furaha.

Aliporudi alianza kazi. Chumba kimoja hakiwezi kukaa watu sitini, wala thelathini, kwa hiyo alitoa kitanda nje, akatoa meza, akatoa sanduku la nguo. Akapaka ukuta chokaa, na chokaa ikamrukia machoni, yote mawili. Akaosha kwa maji, macho yakazidi kuwa mekundu. Akakata karatasi za pakiti za majani ya chai zikawa nyota, akazibandika. Kisha akafunga matawi mlangoni, juu, kulia, kushoto, mpaka mlango ukawa kama mdomo wa msitu.

Kilichobaki ni vyombo. Alisita. Katika mwaka na nusu alikuwa hajamwomba jirani hata kiberiti. Mwishowe alibisha kwa Awuor, mke wa Nyongesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, ambaye kwenye misiba ya mistari yote mitatu ya landhi ndiye aliyekuwa akiongoza kilio. Wakubwa kwa wadogo walikubali kwamba hakuna mtu angeweza kulia kama Awuor.

"Mama Nyongesa," alisema Chepkemei, akiangalia chini kwa haya. "Naomba unisaidie ile sufuria kubwa. Na benchi, kama iko."

Awuor aliangalia yale macho. Akaangalia kitanda kilichosimama nje uwanjani. Akaangalia mlango uliojaa majani.

"Baba Jerop yuko wapi?" aliuliza polepole.

"Hajarudi. Treni ilikuwa ifike asubuhi."

Kwao Awuor mtu aliyefiwa haulizwi maswali. Alichukua sufuria, akaibeba mwenyewe mpaka kwa jirani, akarudi kuchukua benchi, akalibeba pia. Chepkemei alimfuata nyuma akisema asante, asante, akifuta macho yaliyokuwa bado yanawasha kwa chokaa.

*

"Ni Kiplangat," Awuor alimwambia mumewe Nyongesa, fundi seremala wa karakana ya reli, aliyekuwa akinyoa ndevu za Krismasi. "Wa breki."

Nyongesa alishusha wembe. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Kitanda kiko nje. Matawi mlangoni, siyo moja, siyo mbili. Macho mekundu. Ameomba sufuria kubwa. Unataka nini tena, barua?"

"Twende stesheni tuulize kwanza."

"Stesheni watakuambia nini? Watakuambia subiri. Na yule mtoto wa watu amekaa peke yake, hana dada, hana shemeji, watu wa kwao wote wako huko kwao. Mwaka na nusu tunasikizana kikohozi kupitia ukuta na hatujawahi kunywa maji yake. Mimi naona aibu, Baba."

Nyongesa, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliona aibu pia. Alimalizia upande wa pili wa kidevu haraka, akajikata, akatafuta Biblia. Awuor alikuwa ameshatoka. Kufikia saa kumi jioni mistari yote mitatu ilikuwa imepata habari, na katika kila mstari Kiplangat alikuwa amekufa kwa namna tofauti.

*

Chepkemei alikuwa anachochea moto nyuma ya chumba aliposikia miguu. Si miguu ya mtu mmoja. Ilikuwa mingi, inakuja upande wake, na haikupita.

Alijifuta mikono, akafunga kitambaa cha buluu, akasimama mlangoni katikati ya majani yake. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuja wawili wawili, huyu na unga, huyu na sukari ndani ya karatasi, huyu na kuni kichwani. Wanaume nyuma yao, kofia mkononi. Hata kule Ndabibi hawakuwahi kuja wengi hivyo.

"Wamekuja," alisema peke yake, na meno yake yote yakaonekana.

Hapo Awuor, aliyekuwa mbele, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru.

Ilikuwa nduru nzuri, niseme ukweli, iliyopanda na kutetemeka na kushuka, na wanawake wengine wakaipokea. Tabasamu la Chepkemei lilikaa usoni kidogo zaidi, kwa sababu halikuwa limeelewa. Halafu alianza kuelewa, au kudhani kwamba ameelewa. Hawa wanawake waume zao ni wa reli. Treni ilikuwa ifike asubuhi na sasa ni saa kumi na moja. Wamepata habari kabla yake, nao wamekuja kumpa.

Alikaa chini palepale kizingitini, akashika kichwa, akalia. Alilia kwa Kikipsigis, lugha ambayo katika uwanja ule hakuna aliyeijua. Awuor alishika maneno mawili tu, Kiplangat na Ndabibi, lakini alimpakata na kulia pamoja naye kana kwamba ameelewa yote. Na kila upande ulipoona mwingine analia, ulipata uhakika.

Wakati huohuo Kiplangat mwenyewe alikuwa anaingia uwanjani kutoka upande wa stesheni, amechoka, mkononi ana samaki wa kukaushwa wa Kisumu waliofungwa kwa gazeti. Aliwanunua kwa hila. Alitaka kumpelekea Nyongesa kimyakimya na kumwambia, ndugu, nisaidie, kesho uje na mama watoto mle kwangu, mimi nitakaa peke yangu hapa nisipofanya jambo. Sasa aliona watu na kofia zimevuliwa. Akavua yake. Alimgusa bega mwanamume wa mstari wa tatu ambaye hakuwa akimfahamu.

"Nani amekufa?"

"Kiplangat. Wa breki."

"Kwa nini?"

"Treni."

"Pole yake," alisema Kiplangat, ambaye uchovu ulikuwa umemlemea akili. Ndipo akaisikia sauti ya mkewe.

Mwanamume mwema angesema palepale kwamba yuko hai. Kiplangat alikuwa mwema, lakini alikaa kimya kidogo, na tusimhukumu, kwa sababu ni wanaume wachache wanaobahatika kusikia wanavyoliliwa.

"Ndabibi nilikuwa nasema tu," mkewe alikuwa analia kwa lugha yao. "Nilikuwa nasema tu, Kiplangat. Sikutaka ile nyumba. Nilitaka wenzako waingie hapa waone umeoa mtu anayejua kupokea wageni, wasikucheke. Ningekaa hata bila mgeni hata mmoja. Ningekaa, wewe urudi tu jioni uvue viatu, uniambie farasi alikuwa juu chini. Alikuwa juu chini. Niliona siku ya kwanza, nikaona haya kumtoa."

Kiplangat alipita katikati ya watu. Waliomjua walirudi nyuma. Alichuchumaa mbele yake, samaki bado wako mkononi.

"Mama Jerop," alisema. "Nimefika. Treni ilikawia kwa ajili ya ng'ombe."

Awuor alikuwa amefungua mdomo kwa nduru ya pili. Mdomo ulibaki wazi bila kutoa kitu.

Chepkemei alimwangalia mumewe toka viatu mpaka kofia. Alinyoosha mkono akamshika sikio, akalivuta, akaona ni sikio la kweli. Halafu akasimama, akajifuta uso wote kwa kitambaa cha buluu.

"Ng'ombe," alisema.

"Wa Londiani. Walilala kwenye reli, hawatoki."

"Kwa saa tisa nzima?"

"Walikuwa wengi."

"Na hukuweza kutuma mtu."

"Ningejuaje kama nimekufa?" aliuliza Kiplangat.

*

Watu walikuwa wanaangaliana, wengine wanaangalia unga wao. Nyongesa alifunga Biblia na kuweka kidole kwenye ukurasa aliokuwa amechagua, kana kwamba atauhitaji bado.

"Sasa," alisema Awuor hatimaye, sauti yake imekwaruza, "haya majani ni ya nini?"

"Ya Krismasi."

"Krismasi. Na kitanda kiko nje kwa nini?"

"Kikiwa ndani mtakaa wapi?"

"Sisi?"

"Nyinyi. Wageni." Chepkemei aliinamisha macho. "Kwetu mtu akiona majani mlangoni anajua ameitwa. Anaingia. Mwaka jana pia niliweka. Hamkuja."

Awuor aligeuka kumtazama mumewe, kisha wanawake wenzake, na kila mmoja alikuwa anakumbuka kitu kilekile.

"Tuliona," alisema. "Ile kamba moja ya majani. Kwetu majani ni ya msiba. Tulisema labda amefiwa na mtu wa mbali, mtoto wa shangazi, na hataki watu. Mimi niliwanyamazisha watoto wangu siku tatu, wasikusumbue. Siku tatu za Krismasi, Mama Jerop, watoto wangu wananong'ona kwa ajili yako."

Mwaka mzima alikuwa amebeba zile siku tatu moyoni kama dharau, kumbe zilikuwa heshima. Machozi yalianza upya, akayapangusa kwa hasira.

Wanaume wa nyuma walianza kuvaa kofia na kusogea, kama watu walioingia kanisa lisilo lao. "Basi tunashukuru Mungu," alisema mmoja. "Tutaonana."

"Mnaenda wapi?" Awuor aliuliza. "Mimi sauti yangu imeishia hapa. Siondoki bila chai. Na huu unga wangu ulikuwa wa marehemu, siwezi kuurudisha nyumbani, nitaambia watoto nini?"

"Marehemu amekubali," alisema Kiplangat, akampa samaki.

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, kwanza kwa Nyongesa, kikasambaa. Wakaingia. Hawakutosha, kwa hiyo wakakaa kitandani nje, wakakaa kwenye sanduku, kwenye kizingiti, Jerop juu ya mabega ya mtu wa mstari wa tatu. Unga wa matanga ukawa chapati. Sukari ya pole ikaingia kwenye chai. Mursik wa Chepkemei, aliouweka tangu Novemba kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, ulipita mkono kwa mkono, na watu wa upande wa ziwa walionja weusi wa mkaa wakakunja uso kwa adabu, wakaonja tena. Chepkemei alipita katikati yao akisukuma chakula mikononi mwa watu waliosema wameshiba, na hakusema neno Ndabibi hata mara moja. Kiplangat alimsubiri alitaje. Hakulitaja.

Ni Awuor aliyeanza. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, chokaa imemshika bega, akiziangalia zile nyota za karatasi za chai.

"Mimi kwetu Gem," alisema, "wakati kama huu nilikuwa nakandika sakafu kwa samadi, na vidole nachora hivi, hivi, kama magamba ya samaki. Nyumba nzima. Naweka maua kwenye mikebe. Baba mkwe alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, anaitoa nje, watu wanacheza mpaka vumbi linaingia kwenye chakula. Hawakujali."

"Hujawahi kuniambia," alisema Nyongesa, ambaye alikuwa amekula chakula hicho chenye vumbi.

"Wewe ulikuwapo. Nikuambie nini?" Akapangusa chokaa begani. "Miaka saba niko hapa. Hakuna mtu ameniuliza kwetu tulikuwa tunafanyaje."

Akainama. Alilia kidogo tu, bila mikono kichwani, bila kupandisha sauti, na siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia bila kuongoza mtu. Chepkemei alikaa karibu naye, bega kwa bega.

"Wageni walikuwa wangapi?" alimwuliza.

"Sabini," alisema Awuor.

Kiplangat alifungua mdomo. Mkewe alimtazama, akaufunga.

"Na wewe," Awuor alisema baadaye, akipangusa pua, "nasikia unarudi. Usinikatalie, ukuta huu ni kama nguo. Tarehe ishirini na saba."

Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Kiplangat aliangalia kikombe chake. Alikuwa amejiandaa kumtania mkewe kwa ile habari ya farasi mpaka mwaka mpya, na maneno alikuwa nayo tayari, lakini sasa aliyaacha.

"Nitaenda," alisema Chepkemei. "Nitaenda kumsalimia mama yake Baba Jerop. Siku tatu tu, halafu nirudi nyumbani."

Neno hilo, nyumbani, alilisema bila kulifikiria, kisha akaendelea kumtafutia Awuor kipande cha chapati kisichoungua. Kiplangat alisimama, akaichukua birika kwenye moto, akaanza kuzunguka akiwamiminia wageni chai mmoja mmoja, wanawake kwanza, kazi ambayo kwao mwanamume hakuwahi kuonekana akiifanya, na hakuna mtu aliyemcheka.